Jiji lenu linawania kuongoza miji ya Ulaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Meya wa jiji la Ulaya akitangaza kwamba anautaka uongozi wa Eurocities, gazeti la pale mjini huandika aya mbili, likaweka picha moja ya watu wenye suti, basi. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi kwenye jiji hilo hubaki wakiulizana kwenye makundi ya WhatsApp: huu ni urais wa nini? Una mshahara? Ni kodi yetu inayoulipia? Maswali hayo ndiyo yamekusanywa hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mizizi, mengine ni mistari miwili mitatu.

Eurocities ni kitu gani?

Ni jumuiya ya serikali za miji mikubwa ya Ulaya, yenye makao yake Brussels. Ina wanachama zaidi ya 200 kutoka nchi 38. Anayejiunga ni mji wenyewe kupitia halmashauri yake. Meya akiondoka madarakani, uanachama wa mji unabaki palepale. Kipimo cha kawaida cha kuingia ni wakazi 250,000 na kuendelea, ingawa hakishikwi kwa ukali. Braga ya Ureno iko chini ya hapo, na bado ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa mkutano wa mwaka 2025.

Kwa hiyo ni chombo cha Umoja wa Ulaya?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Chombo rasmi cha serikali za mitaa ndani ya Umoja wa Ulaya ni Kamati ya Mikoa, iliyoanza kazi mwaka 1994 na yenye wajumbe 329. Hiyo ipo kwenye mikataba ya Umoja. Kuna mambo ambayo Tume ya Ulaya, yaani watendaji wakuu wa Umoja walioko Brussels chini ya makamishna, na Bunge la Ulaya hawawezi kuyapitisha kabla ya kuiomba ushauri. Eurocities haina haki hiyo. Hakuna kamishna anayelazimika kupokea simu yake.

Inachofanya ni kushawishi. Inaandika maoni kuhusu miswada, inakutanisha wataalamu wa miji, inaendesha miradi ya pamoja, na inampeleka meya mbele ya kamishna mwenye haraka ili aeleze kwa dakika kumi kwa nini sheria fulani ya mabasi au ya hewa chafu haitekelezeki kwake. Rais wa mtandao ndiye uso wa kazi hiyo. Ndiyo maana nasema tangu mwanzo: anayeutaka urais huu anatafuta sauti. Mamlaka hayapo pale, na asitokee mtu akawaambia wakazi kwamba yapo.

Nani aliuanzisha mtandao huu?

Miji sita, iliyokutana Rotterdam mwaka 1986: Barcelona, Birmingham, Frankfurt, Lyon, Milan na Rotterdam yenyewe. Iangalie vizuri orodha hiyo. Haina mji mkuu wa nchi hata mmoja.

Huo mwaka nao una maneno yake. Januari 1, 1986, Hispania na Ureno ziliingia katika Jumuiya ya Ulaya. Barcelona, chini ya meya Pasqual Maragall, ilikuwa inaihangaikia Olimpiki ya 1992, na Oktoba ikaipata. Rotterdam ilikuwa na bandari ambayo mizigo inazidi huku makontena yakiwapunguza wapagazi. Birmingham ilikuwa imepoteza ajira za viwandani, na Machi 31 mwaka huohuo serikali ya Margaret Thatcher ilizifuta halmashauri za kanda za miji mikubwa ya Uingereza, pamoja na ile ya London. Mtu asiyeyajua hayo anaweza kudhani mameya sita walikutana kunywa kahawa na kupiga picha bandarini. Hawa walikuwa watu wenye shida zinazofanana na mawaziri wasiowasikiliza. Wakaamua kutomngoja waziri awasemee Brussels. Wakaenda kujisemea wenyewe.

Tabia hiyo ya kuzaliwa haijatoka. Mpaka leo mtandao huu, kwa macho yangu, ni wa miji inayoona kwamba serikali yake kuu inakula mezani na kuirudishia makombo. Ukilijua hilo, mengi yanayofuata yanaeleweka yenyewe.

Miji gani imeshaongoza?

Tukianzia miaka ya karibuni: Copenhagen chini ya Frank Jensen (2012 hadi 2014), Nantes chini ya Johanna Rolland (2014 hadi 2016), Ghent chini ya Daniël Termont (2016 hadi 2018), kisha Stockholm chini ya Anna König Jerlmyr. Novemba 2020 akachaguliwa Dario Nardella wa Florence, na Juni 2023 Burkhard Jung wa Leipzig.

Miji mikuu ya nchi hapo ni miwili tu, yote ya kaskazini. Iliyobaki ni miji ya kati. Ghent haifiki wakazi 300,000. Wilaya ya Nyamagana peke yake, ambayo ni sehemu tu ya Mwanza, ina watu wengi kuliko huo mji ulioongoza miji ya bara zima.

Mbona Paris au Berlin haziutaki?

Meya wa Paris akitaka kuonana na kamishna wa Ulaya, anapiga simu. Akisema neno kuhusu baiskeli, linaandikwa New York. Mtandao haumwongezei kitu kikubwa. Meya wa Ghent au wa Leipzig, hata awe hodari namna gani, kwa jina la mji wake peke yake atasubiri kwenye korido. Akija kwa jina la miji 200 anafunguliwa mlango.

Upande wa wapiga kura nao una sababu zake. Miji midogo haipendi kuongozwa na jitu. Ukimpa uongozi mwenye sauti kubwa tayari, mtandao wote unageuka kipaza sauti chake. Mji wa kati una deni kwa waliouchagua na huwa haulisahau haraka.

Uongozi wenyewe una ngazi gani?

Juu kabisa kuna mkutano mkuu wa wanachama, unaokaa kila mwaka. Huo unachagua kamati ya utendaji ya miji 12, inayowakilishwa na mameya wao. Rais na makamu wanatoka ndani ya miji hiyo. Kazi za kila siku zinafanywa na sekretarieti ya Brussels chini ya katibu mkuu wa kuajiriwa.

Chini yake kuna mabaraza ya mada: utamaduni, uchumi, mazingira, mambo ya kidijitali, usafiri, ustawi wa jamii. Kila baraza lina mji unaoliongoza, na ndani yake mna vikundi kazi vinavyoshughulikia mambo madogomadogo yasiyowahi kufika gazetini: takataka za chakula, nyumba za bei nafuu, manunuzi ya umma, taarifa za magari. Kwa hiyo ukisikia jiji lenu «linawania nafasi ya uongozi», uliza kwanza ni ipi. Kuongoza kikundi kazi, kuongoza baraza, kuingia kwenye wale 12, na kuwa rais ni mambo manne tofauti, na msemaji wa jiji hatakuwa na haraka ya kuyatofautisha.

Jiji linajiandaaje kugombea?

Linalosomeka kwenye tangazo ni barua ya meya na hotuba yake. Kazi halisi ilianza miaka mitano au kumi nyuma, na ilifanywa na watu ambao majina yao hayajulikani na mtu.

Chukua ofisa wa idara ya usafiri, mwenye miaka arobaini hivi, anayejua ratiba za tramu kama anavyoujua mkono wake. Mara mbili tatu kwa mwaka anapanda treni kwenda kwenye kikao cha kikundi kazi. Anawaeleza wenzake kutoka Oslo na Zaragoza kilichowashinda kwao. Anaandika muhtasari. Mwenzake akikwama anampelekea mfano wa mkataba ambao jiji lake limeshautumia. Akirudi, bosi wake anamuuliza safari ilikuwa na faida gani, naye hana jibu la kumridhisha. Baada ya miaka kadhaa ya hayo, jiji lake linaombwa kuongoza kikundi, halafu baraza. Siku ya kura ikifika, mameya 200 hawamjui mgombea. Wanawauliza maofisa wao wa uhusiano wa kimataifa. Na maofisa hao wanamkumbuka yule bwana wa tramu. Gogo haliendi ila kwa nyenzo, na nyenzo za urais huu ni watumishi wa manispaa.

Watu wanaozunguka kati ya kumbi za miji na sekretarieti wanalionyesha hilo vizuri. Anna Lisa Boni alikuwa katibu mkuu wa Eurocities hadi mwaka 2021, akaondoka kwenda kuwa naibu meya wa Bologna. Aliyekuja baada yake mwaka 2022, André Sobczak, alitoka kwenye uongozi wa Nantes alikokuwa akishughulikia mambo ya Ulaya. Na Nantes, kama tulivyoona, ilishakalia kiti cha urais. Ni ukoo mdogo. Mji usio na mtu ndani ya ukoo huo utashangaa kwa nini barua yake nzuri haikupata kura.

Baada ya hapo ndipo zinaingia hesabu za siasa. Kama rais aliyepita alitoka kusini, kaskazini watadai zamu yao. Mashariki wanalalamika, na wana haki, kwamba orodha ya marais ya miaka ya karibuni haina jina lao hata moja, labda umhesabu Leipzig kwa kuwa ilikuwa Ujerumani Mashariki. Vyama navyo vinahesabiwa, ingawa mbele ya watu kila mtu anasema mambo ya miji hayana chama.

Meya anapata posho?

Swali hili limekuja mara nyingi kuliko yote, na najua linatoka wapi. Meya anabaki mtumishi wa jiji lake na mshahara wake ni wa huko.

Basi jiji linalipa nini?

Ada ya uanachama ya kila mwaka, ambayo linailipa hata lisipogombea. Ukiongeza uongozi, gharama kubwa inakuwa muda: ofisa mmoja au wawili wa kushughulikia mambo ya urais, safari za Brussels, wageni wa kupokea. Mji unaoandaa mkutano wa mwaka unabeba zaidi. Espoo iliandaa mwaka 2022, Brussels 2023, Cluj-Napoca 2024.

Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye bajeti yoyote. Siku ambayo meya yuko kwenye jopo Brussels akizungumzia makazi bora, kuna kikao cha madiwani nyumbani kuhusu shule inayovuja, na anayekaa kwenye kiti chake ni naibu. Kwa jiji lenye naibu imara hilo si tatizo. Penye naibu dhaifu, wapinzani hawakosi la kusema.

Na faida je? Mwananchi wa kawaida anaona nini?

Moja kwa moja, haoni kitu. Nisingependa kumdanganya mtu. Hutaona basi jipya lililoandikwa jina la Eurocities. Faida inapita njia ndefu.

Njia ya kwanza ni fedha. Umoja wa Ulaya una mfuko wa maendeleo ya mikoa. Katika bajeti ya 2014 hadi 2020, kila nchi ilitakiwa kutenga angalau asilimia 5 ya fedha za mfuko huo kwa maendeleo endelevu ya miji. Katika ile ya 2021 hadi 2027, kiwango kikapanda hadi asilimia 8. Asilimia tatu zinaonekana chache mpaka ukumbuke zinakatwa kwenye mabilioni ya euro. Hakuna anayeweza kusema mtandao mmoja ndio ulioipandisha namba hiyo, ila miji ilikuwa inaipigia debe miaka yote.

Ya pili ni kutambuliwa. Mei 30, 2016, mawaziri wa Umoja wa Ulaya walitia saini Mkataba wa Amsterdam, uliozaa ajenda ya miji ya Umoja. Kwa mara ya kwanza miji ilikaa meza moja na serikali kuu na Tume kuandaa mapendekezo ya hewa safi, makazi, wahamiaji na mengineyo. Leipzig nayo ina jina lake katika historia hii: mwaka 2007 mawaziri walipitisha hapo hati ya miji endelevu, na mwaka 2020 ikatoka hati mpya yenye jina la mji huohuo. Burkhard Jung alikuwa meya wa Leipzig safari zote mbili, maana yuko madarakani tangu 2006. Alipochaguliwa rais wa Eurocities hakuwa mgeni kwenye mazungumzo.

Ya tatu ni kujifunza, na hii ndiyo ninayoiamini zaidi ingawa haipigiwi picha. Aprili 2022 Tume ilichagua miji 100 ya Umoja, pamoja na 12 ya nchi washirika, iliyoahidi kufikia mwaka 2030 isiongeze hewa ya ukaa angani. Kila mji kati ya hiyo unakutana na matatizo yaleyale: mabomba ya joto ya zamani, nyumba za kupanga ambazo mwenye nyumba hataki kuzikarabati, magari. Aliyekosea mwaka jana anaweza kumwokolea mwenzake mamilioni mwaka huu, akikubali tu kusema wapi alikosea. Kwenye vikao vya maofisa husema. Mbele ya kamera, kila mji ni hodari.

Kuna wakati mtandao ulishindwa?

Ndiyo, na si zamani. Baada ya korona, Umoja wa Ulaya ulianzisha mfuko wa kufufua uchumi wa euro bilioni 750 kwa bei za 2018. Mameya, Nardella wa Florence akiwa mbele kama rais, walidai washirikishwe kuandika mipango ya matumizi, na sehemu ya fedha ifike mijini moja kwa moja. Mipango ikaandikwa na serikali kuu. Miji mingi ikalalamika kwamba iliulizwa kwa haraka, au haikuulizwa kabisa.

Mvutano huo haujaisha. Julai 16, 2025, Tume ilitoa pendekezo la bajeti ya 2028 hadi 2034, karibu euro trilioni 2, ambamo fedha za mikoa na za kilimo zinaunganishwa kwenye mpango mmoja kwa kila nchi. Miji na mikoa ikapiga kelele, kwa sababu mpango mmoja wa nchi maana yake ni waziri wa fedha mmoja anayeshika kijiko. Ni shida ileile ya Rotterdam ya 1986, imevaa koti jipya.

Meya akishindwa uchaguzi nyumbani?

Urais nao unamtoka. Hana kiti Brussels bila kiti nyumbani. Ndiyo maana urefu wa muhula unatazamwa sana. Leipzig wakazi wanamchagua meya wao mkuu moja kwa moja kwa miaka 7. Florence ni miaka 5, na hauruhusiwi zaidi ya mihula miwili mfululizo. Nardella alianza 2014, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba 2024 ni mwisho wake. Kupokezana kijiti mwaka 2023 kulikuwa na mantiki.

Kwani meya huko ni tofauti na meya wa kwetu?

Sana, na bila kuliweka hili wazi utashangaa kwa nini mameya wanaachiwa mambo makubwa hivi. Tanzania, meya anachaguliwa na madiwani wenzake, naye anaongoza vikao. Shughuli za halmashauri ziko mikononi mwa mkurugenzi anayeteuliwa na Rais. Kenya, tangu 2013, aliyekuwa meya wa Nairobi hayupo tena. Yupo gavana wa kaunti. Meya mkuu wa mji wa Ujerumani kama Leipzig ni meya na mkurugenzi kwa pamoja. Anachaguliwa na wakazi, ndiye mkuu wa watumishi wote wa manispaa, na anaongoza baraza. Akisaini ahadi Brussels, ana watu wa kuwaagiza kesho yake asubuhi. Ufaransa wao wanafanana kidogo na sisi, kwa maana madiwani ndio wanaomchagua meya, ila akishachaguliwa anatawala kwelikweli.

Si anajijenga kisiasa tu?

Wakati mwingine, ndiyo. Nardella alimaliza umeya wa Florence mwaka 2024 na mwaka huohuo akachaguliwa kuingia Bunge la Ulaya. Miaka ya kuzunguka Brussels haikumdhuru. Maragall wa Barcelona, mmoja wa sauti za mwanzo kabisa za miji, alikuja kuwa rais wa Kamati ya Mikoa kuanzia 1996 hadi 1998. Mimi sioni kosa katika hilo. Mwanasiasa asiye na hamu ya kupanda ngazi sijawahi kukutana naye. La kuangalia ni kama alipokuwa anapanda aliwabeba wengine.

Birmingham ilikuwa mwanzilishi. Uingereza ikishatoka, ikawaje?

Uingereza iliondoka Umoja wa Ulaya Januari 31, 2020. Mtandao wa miji ni kitu kingine. Ukikumbuka Umoja una nchi 27 na Eurocities ina nchi 38, unaona wenyewe kwamba mipaka haifanani.

Sisi wahamiaji tunahusikaje?

Kwa njia mbili. Oktoba 2016, baada ya mwaka wa wakimbizi wengi, ulizinduliwa Athens mpango wa Miji ya Mshikamano ndani ya Eurocities, ukisukumwa na meya wa Athens wa wakati huo, Giorgos Kaminis. Hoja yake ilikuwa rahisi: serikali ndizo zinazoamua nani avuke mpaka, lakini mtoto wa mkimbizi anatafutiwa dawati na mji. Mji ndio unaojua kama kuna mwalimu, kitanda, daktari. Kwa hiyo mji upewe fedha na usikilizwe.

Njia ya pili ni kura, na hapa nataka msomaji anisikie vizuri. Kura ya taifa na kura ya mji ni vitu viwili. Uholanzi, Ubelgiji, Sweden, Denmark, Finland, Norway na Ireland zinawaruhusu wasio raia, hata wenye pasipoti ya Burundi au ya Kongo, kupiga kura ya serikali za mitaa wakitimiza masharti ya ukaazi. Ubelgiji sharti ni miaka 5 ya kuishi kihalali, na lazima ujiandikishe mwenyewe. Hakuna atakayekuletea karatasi. Nimekutana na watu walioishi huko miaka kumi na mbili hawajui. Ujerumani, Ufaransa na Italia bado hazijafungua mlango huo kwa wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Mkazi wa Ghent anaweza kumhukumu meya wake kwenye sanduku la kura. Mkazi wa Leipzig mwenye pasipoti ya Kenya hawezi, hata kama Chuo Kikuu cha mji huohuo kinafundisha Kiswahili.

Mji wa Afrika Mashariki unaweza kujiunga?

Hapana, ila milango mingine ipo. Dar es Salaam na Nairobi zimo kwenye C40, mtandao wa miji mikubwa ya dunia wa mambo ya tabianchi, ambao mwaka 2023 ulipata wenyeviti wenza wawili: Sadiq Khan wa London na Yvonne Aki-Sawyerr wa Freetown. Hiyo ni meza ambayo meya wa Afrika anaikalia kama mwenyeji. Kwa bara letu kuna jumuiya ya serikali za mitaa yenye makao Rabat, na mkutano wake mkubwa wa Africities ulifanyika Nairobi mwaka 2006, kisha Kisumu Mei 2022. Kisumu ilikuwa kishindo, kwa sababu mkutano huo ulikuwa umezoea miji mikubwa. Mantiki yake ni ya Nantes na Ghent: mji wa pili au wa tatu unaojua kwamba usipojitangaza wenyewe, mji mkuu hautautangaza.

Halafu kuna undugu wa miji, ambao ni kitu cha wawili wawili. Würzburg na Mwanza wameshikana mikono tangu 1966, na Tampere ya Finland nayo ni rafiki wa Mwanza. Hamburg iliingia undugu na Dar es Salaam mwaka 2010, Potsdam na mji wa Zanzibar mwaka 2017. Undugu huu unategemea nani anaketi ofisini upande wa pili. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Jambo la namna hiyo likitokea katikati ya ushirikiano, watu wa upande wa pili wanalazimika kuuliza upya barua ziende kwa nani.

Kuna mitandao mingine ya Ulaya ya kuiangalia?

Ipo mingi kupita kiasi. Baraza la Manispaa na Mikoa ya Ulaya ni la zamani zaidi, lilianzishwa Geneva mwaka 1951. Energy Cities, ya mambo ya nishati, ni ya 1990. Desemba 16, 2019, mameya wa Budapest, Warsaw, Prague na Bratislava walitia saini Mkataba wa Miji Huru, wakiiomba Brussels iwape fedha moja kwa moja, maana baadhi yao walikuwa hawapikiki chungu kimoja na serikali zao. Mji mmoja unaweza kuwa kwenye mitandao kumi. Wengine wamo kwenye kumi na hawaonekani hata kwenye mmoja.

Nikipata nafasi ya kumuuliza meya swali moja, niulize nini?

Vikao vya mabaraza ya miji mingi ya Ulaya viko wazi, na mahali pengi mkazi anaweza kupeleka swali kwa maandishi likajibiwa hadharani. Usimuulize kwa nini anautaka urais. Jibu lake limeshaandikwa na ofisi ya habari. Muulize jiji limeongoza kikundi kazi gani katika miaka mitano iliyopita, na kutoka huko limeleta nini ambacho kimebadilisha utaratibu hapa mjini. Ofisa wa uhusiano wa kimataifa, aliyekaa safu ya nyuma na faili mapajani, ndiye atakayeinua kichwa.